Fimbo Iliyolala Mlangoni

Kwa mjukuu, fimbo hulala nje.

Bibi aliyasema maneno hayo Jumamosi asubuhi, amekaa chini uani, miguu ameinyoosha, anacheza mdako na wadogo zetu. Mjomba Elieza alikuwa amekuja kutoka mjini kutusalimia. Alisimama pale na viatu vyake vinavyong'aa, akamtazama mama yake, akaona aibu.

"Mama," alisema, "na umri huo unagombania vijiwe na watoto? Watu wakipita hapo njiani watasemaje?"

Bibi hakuinua uso. Alirusha kijiwe juu, akazoa vinne, akakidaka kile cha juu kabla hakijashuka.

"Kwa mjukuu, fimbo hulala nje," alisema. "Nenda ndani kanywe chai, itapoa."

Mjomba akaenda kunywa chai. Sisi wakubwa tulikuwa pembeni tunachambua maharage, tukamuuliza Bibi ni fimbo gani hiyo, mbona yeye hana fimbo. Akacheza zamu yake mpaka ikaisha. Ndipo akatusimulia.

Methali hii ina kwao, wajukuu zangu, na kwao ni hapa hapa Kiseru. Ilizaliwa hivi.

Mama yangu mzazi aliitwa Namcheja. Wakati ninaousema alikuwa mtoto wa miaka minne, labda mitano, maana siku zile watu walihesabu mavuno, hawakuhesabu miaka. Alikuwa analelewa na babu yake, Mzee Senkondo. Huyo Senkondo alikuwa mzee wa baraza. Na mzee wa baraza, hapa kwetu zamani, alijulikana kwa fimbo.

Haikuwa fimbo ya kuchungia mbuzi. Ilikuwa ya mti mweusi mgumu, imepakwa mafuta mpaka inateleza, na mtu hakupewa mpaka awe ametimiza mambo mengi na kuchinja wanyama wengi. Ukishapewa, ndiyo sauti yako. Ukitaka kusema barazani unasimama, unaishika, watu wananyamaza. Kama huna fimbo, hata uwe na mvi mpaka kwenye nyusi, utakaa nyuma na vijana usikilize.

Na fimbo hiyo ilikuwa na mwiko wake. Hailazwi chini. Ukitembea unaishika, ukikaa unaiegemeza, ukilala unaitundika juu ya kitanda. Inalala chini siku moja tu, siku mwenyewe amekufa. Mtoto wake wa kwanza anaitoa, anailaza mlangoni, amenyamaza. Yeyote atakayepita akaiona imelala haingii ndani wala haulizi. Anapiga yowe, anakimbia nyumba inayofuata kupeleka habari. Ndivyo msiba wa mzee ulivyotangazwa.

Basi Mzee Senkondo alikuwa ameishika fimbo yake miaka ishirini, na ilikuwa imemfanya mkali. Watoto wake mwenyewe walimwamkia wamesimama mbali. Mkewe alipokufa, nyumba ikawa kimya kama ghala lililoishiwa mahindi. Ndipo mwanawe mmoja akamleta Namcheja akae naye, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa amejifungua mapacha na mikono haikumtosha.

Mzee alimpokea kwa ule utani wa babu na mjukuu mnaoujua.

"Karibu, mke wangu," alimwambia. "Nimekaa siku nyingi bila mtu wa kunipikia."

Namcheja akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Mimi sitaki kuwa mke wako," akasema. "Wewe ni mzee, na huna meno hapa mbele. Mimi nitakuwa mama yako."

Barazani hakuna aliyewahi kumjibu mzee hivyo.

Namcheja akajenga nyumba yake nyuma ya jiko, karibu na njia ya watu. Alisimamisha vijiti, akaegemeza majani makavu ya mgomba, akaacha mlango wa kuingia kwa magoti. Ndani akapanga vyungu vyake vya udongo, vidogo kama ngumi, na mawe matatu ya mafiga. Halafu akamwita mtoto wake aje kula. Mtoto mwenyewe ndiye Mzee Senkondo.

Siku ya kwanza mzee alikataa kuingia. Alikaa nje kwenye kigoda, akachungulia, akanyoosha fimbo yake mlangoni kuonyesha kitu. "Kile chungu kimekaa upande," alisema, na ncha ya fimbo ikakigonga, kikapasuka.

Namcheja hakulia. Alitoka akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Sema pole."

"Nini?"

"Umevunja chungu changu. Sema pole."

Sasa fikirini. Mtu huyu kwa miaka ishirini aliamua kesi za wenzake, akawaambia huyu aombe radhi, huyu atoe mbuzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwomba mtu radhi. Si mkewe, si wanawe. Alitazama huku na huku, akaona hakuna mtu.

"Pole," akasema.

"Pole nani?"

"Pole, mama."

"Haya, ingia ule. Na hiyo fimbo yako ikae nje. Inavunja vitu."

Akaingia kwa magoti. Kwanza aliiegemeza fimbo kwenye ukuta, na ukuta wenyewe ni majani, ukaanguka wote juu ya kichwa chake. Wakajenga upya. Mara ya pili akaiegemeza tena, ukaanguka tena. Mara ya tatu Namcheja akaitwaa fimbo kwa mikono miwili, akaitoa nje, akailaza chini mbele ya mlango.

"Ilale hapa," akasema.

Mzee aliiona. Mwiko aliujua kuliko mtu yeyote. Lakini alikuwa ameshakaa ndani, magoti kifuani, na mbele yake kuna jani lenye ugali wa udongo. Tena tangu mama yake afariki, yapata miaka arobaini, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia "fungua mdomo." Akajisemea moyoni kwamba saa hizi watu wako mashambani, hakuna atakayepita. Akafungua mdomo.

Ikawa hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana. Alioshwa uso kwa vumbi. Alitibiwa tumbo kwa majani. Alisemwa kwa sababu hakumaliza mboga. Alifundishwa kuimba wimbo wa mapacha ambao Namcheja aliutunga mwenyewe na ulikuwa na maneno mawili tu. Watu walianza kushangaa barazani, maana Senkondo alikuwa akiwauliza watu wenye kesi, "Je, umemwambia mwenzako pole?" Zamani alikuwa anauliza tu mbuzi yuko wapi.

Siku moja ya soko, jirani mmoja, mwanamke aliyeitwa Nanzia, moto wake ulizimika. Akaja na kigae kuomba kaa la moto kwa Mzee Senkondo. Akapita kwa nyuma, njia ya mkato. Akaiona fimbo imelala mlangoni.

Kigae kilianguka hapo hapo. Yowe alilopiga lilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Wala hakuchungulia ndani, maana si desturi. Alikimbia nyumba inayofuata, na ile ikapeleka kwa nyingine, na wale waliokuwa sokoni wakafunga mizigo yao.

Ndani ya kibanda mzee alikuwa amelazwa, anabembelezwa. Akasikia vilio vinakuja.

"Mama," akasema, "naona kuna msiba. Niache niende."

"Mtoto haendi msibani," akasema Namcheja. "Lala."

"Mimi ni mzee wa baraza, lazima nifike mapema."

"Nimesema lala. Ukiamka nitakupa uji."

Akalala. Namcheja alikuwa amemshika sikio, na mkono wake ulikuwa mdogo na wa moto, mzee hakutaka autoe.

Huko nje watu wakajaa. Wanawake walikuja na kuni na unga. Wanaume walikuja na majembe, na Mzee Kajiru, naye wa baraza, aliyekuwa hodari wa mambo ya makaburi, akawapeleka vijana chini ya shamba wakaanza kuchimba. Wazee wa baraza wakaja na fimbo zao wakasimama mstari mmoja. Mbele yao alisimama Mzee Mbonea, mkubwa wao. Yeye na Senkondo walipewa fimbo siku moja. Mbonea alikuwa analia kweli, machozi ya mtu anayelia mara moja kwa miaka kumi.

Kelele zikamshinda Namcheja. Akatoa kichwa nje.

"Nyamazeni," akawaambia. "Mnamwamsha mtoto."

Nyuma yake akatoka Mzee Senkondo, kwa magoti, udongo umemjaa mdomoni na jani la mgomba limemkaa kichwani.

Mama mmoja alitupa kuni akakimbia. Wengine walisimama tu midomo wazi. Nanzia alikuwa katikati ya kilio, akabaki nacho kooni, hakijui kitoke au kirudi. Kajiru akapanda kutoka shambani na jembe begani, jasho linamtiririka. Akamwona marehemu anajipangusa magoti.

"Senkondo," akasema, "tumeshafika kiunoni. Sasa lile shimo tulifanyie nini?"

"Pandeni mgomba," akajibu Senkondo. "Na mbolea muweke."

Vijana wakacheka wakashindwa kujizuia. Mbonea hakucheka. Alifuta machozi yake kwa mgongo wa mkono, akageuka, akaondoka, na wazee wakamfuata. Msimlaumu upesi. Mtu aliyekulilia mbele ya watu, halafu akakuta unacheza, anaumia.

Siku ya tatu baraza likaitwa. Hapo sasa haikuwa kicheko tena. Mbonea alikuwa na neno moja tu la kumwambia Senkondo, nalo lilikuwa zito. Aape mbele ya watu kwamba hataingia tena kwenye kibanda kile, au airudishe fimbo. Na kurudisha fimbo, kama nilivyowaambia, ni kurudisha sauti. Watoto wa Senkondo wakiposwa, mwingine ndiye atakayesema. Shamba lake likigombewa, mwingine ndiye atakayesema. Akifa, atazikwa na vijana tu, bila wazee.

Senkondo akasimama na fimbo yake, watu wakanyamaza.

"Kwanza," akasema, "wale walioacha kazi zao wakaja kunililia, nawaambia poleni. Mama Nanzia, pole. Kigae chako nitakulipa. Kajiru, pole na mgongo. Mbonea, mwenzangu, pole. Niliona machozi yako."

Baraza zima lilishtuka. Hakuna aliyekuwa amesikia mzee mwenye fimbo akisema pole kwa mtu, tena kwa mwanamke, tena mbele ya watoto.

"Vizuri," akasema Mbonea. Sauti yake ililegea kidogo. "Sasa apa."

"Kuapa siapi."

"Senkondo."

"Nimeomba radhi kwa sababu mlilia bure. Kwa kucheza na mjukuu wangu siombi radhi, leo wala kesho."

"Hakuna anayekukataza kumpenda mtoto," akasema Mbonea. "Kaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, yeye acheze mbele yako. Sisi sote tunafanya hivyo."

"Nami nilifanya hivyo. Nikavunja chungu chake."

"Chungu cha udongo wa kuchezea. Unataka kuacha heshima ya miaka ishirini kwa ajili ya hicho?"

"Wewe Mbonea una wajukuu wangapi?"

"Kumi na mmoja. Wote unawajua."

"Mimi nawajua. Wewe nitajie majina yao."

Mbonea akaanza. Akataja wanne. Wa tano akamchanganya na wa sita. Akaishika fimbo yake kwa mikono yote miwili.

"Hapa hatukuja kuhesabu watoto," akasema. "Mwiko ni mwiko. Utaapa au hutaapa?"

"Sitaapa."

"Basi fimbo uilete kesho."

"Siileti," akasema Senkondo. "Mimi sasa naenda kula, mama yangu ananingoja. Fimbo itakuwa mahali pake, mlangoni, imelala. Anayeitaka aje aichukue."

Akaondoka. Huku nyuma wazee wakatazamana, maana aliyoyasema yalikuwa na mtego, na wote waliujua. Fimbo iliyolazwa haiinuliwi hivi hivi tu. Desturi inasema anayetaka kuiinua lazima kwanza aingie ndani amwone mwenyewe kwa macho. Na ndani, safari hii, ni kibanda cha majani ya mgomba chenye mlango wa kuingia kwa magoti.

Kesho yake mchana Mbonea akaja. Alikuja na Kajiru na mzee mwingine mfupi aliyeitwa Sekiete. Watu walikuwa wamejificha kwenye migomba kuangalia. Fimbo ya Senkondo ilikuwa imelala pale pale, mchana kweupe.

"Hodi," akasema Mbonea.

"Karibu," sauti ya Namcheja ikajibu. "Fimbo ilale nje."

"Mimi ni Mzee Mbonea, mkubwa wa baraza."

"Fimbo ilale nje. Inavunja vitu."

"Senkondo, mwambie mtoto huyo."

"Nitamwambiaje mama yangu?" Senkondo akajibu kutoka ndani. "Hapa nyumba si yangu."

Mbonea akabaki amesimama. Fimbo yake ilikuwa ndefu kuliko za wenzake na ilikuwa na pete mbili za shaba. Mkono wake ulishuka nayo kidogo, ukasimama, ukapanda tena. Watu waliokuwa kwenye migomba wote waliuona ule mkono. Wanasema alitaka. Mimi sijui, sikuwepo.

Kajiru ndiye aliyechoka. "Lazima mtu amwone mwenyewe," akasema, "ndiyo desturi. Acha nikamwone mimi." Akailaza fimbo yake kando ya ile ya Senkondo, akapiga magoti, akaingia.

Wakangoja atoke. Hakutoka. Wakasikia, "Wewe ni mtoto wangu wa pili. Mbona una uchafu masikioni?" Halafu wakamsikia Kajiru, mtu wa makaburi, ambaye kijiji kizima hakijawahi kumwona meno, anacheka kama anayetekenywa.

Sekiete akamtazama Mbonea. "Nitaingia nimtoe," akasema. Naye akalaza fimbo. Naye hakutoka.

Mbonea alisimama peke yake mbele ya fimbo tatu zilizolala. Hakuweza kuziinua, maana hakuwa ameingia. Hakuweza kuingia, maana hakuweza kuilaza ya kwake. Alisimama mpaka kivuli cha jiko kikamfikia miguuni. Kisha akaenda zake, na fimbo yake mkononi.

Senkondo hakunyang'anywa kitu. Nani angemnyang'anya? Baraza lililofuata Kajiru na Sekiete walisimama kila mmoja na fimbo yake wakasema, "Tulikwenda, tulimwona, yu hai kuliko sisi." Kabla ya baridi kwisha ungepita Kiseru mchana ukaona fimbo zimelala nyuma ya majiko, moja hapa, moja kule. Nanzia aliacha kupiga yowe ovyo. Alikuwa akiona fimbo imelala anasimama kwanza anasikiliza. Akisikia kicheko, anapita zake na kigae chake cha moto. Na watu wakaanza kusemezana, wakimwona mtu mzima anabanwa na ukubwa wake mbele ya watoto, "Wee, kwa mjukuu fimbo hulala nje."

Wapo waliosema wazee wameharibika, heshima imekwisha. Senkondo alipoambiwa hivyo alikuwa anajibu, "Heshima yangu iko pale mlangoni. Nikimaliza kucheza nitaiokota." Na kweli aliiokota kila siku, akaenda nayo barazani, na neno lake likazidi kusikilizwa.

Mbonea alishika ya kwake mpaka mwisho. Siku aliyokufa ilibidi wanawe wamfungue vidole kimoja kimoja ndipo waitoe na kuilaza mlangoni. Alizikwa kwa heshima zote, hakikupungua kitu. Na hapa kwetu, kabla ya kufukia, wajukuu huitwa kila mmoja aseme jambo moja analomkumbukia babu yake. Wajukuu wa Mbonea wakasimama kumi na mmoja. Wakatazamana. Wa kwanza akatafuta neno, akakosa, akamsukuma wa pili. Wa pili akamsukuma wa tatu. Mwishowe yule mdogo kabisa akasogea ukingoni mwa kaburi.

"Alikuwa na fimbo nzuri," akasema.

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Hawakuwa na lingine.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mimi sisikii aibu ya mtu yeyote, awe wa njiani au wa mjini. Kwa mjukuu, fimbo hulala nje.